Mtoto Apimwe Kwanza: Ilani ya Wazazi wa Rodi Kopany

Sisi ni wazazi wa Rodi Kopany, pamoja na wenzetu wa Ndhiwa, Rongo na Awendo. Tumeungana kwa sababu watoto wetu wanaugua miaka nenda miaka rudi bila mtu kutuambia wanaugua nini. Mtoto wa miezi minane anavimba vidole vya mikono na miguu, analia usiku kucha, macho yanakuwa manjano. Anatibiwa malaria. Anarudi, anatibiwa malaria tena na homa ya matumbo juu yake. Damu inapungua, anaongezewa, anaruhusiwa kwenda nyumbani. Daftari la kliniki limejaa dawa.

Kwa wengi wetu, jibu lilipopatikana lilikuwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Si kila mtoto anayeuguaugua ana selimundu, na mzazi ambaye mwanawe ana ugonjwa mwingine usiojulikana ni mwenzetu vilevile. Tunaanza na huu kwa kuwa hapa kwetu hauna udhuru wa kutotambuliwa. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa nchi hii, akakuta chembe za selimundu ni nyingi pwani na kando ya ziwa letu, na ni haba nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba anayerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Dunia ilisomeshwa na damu yetu. Zaidi ya miaka 70 baadaye, mama wa ziwa hilohilo bado anaambiwa arudi wiki ijayo.

Pasipo na jibu huingia lawama. Hutajwa chira, mama huulizwa ni mwiko gani amevunja, na wengine hurudishwa kwao. Wazee wetu tunawaheshimu, na kwa heshima hiyo tunawaambia: ugonjwa huu hurithiwa kwa baba na mama, wote wawili. Wanapokuwa wamebeba chembe ya selimundu kila mmoja kwa upande wake, kila mimba ina uwezekano wa robo kwamba mtoto atazaliwa nao. Baba asimwachie mkewe mzigo huu.

Tunadai kila mtoto anayezaliwa Homa Bay na Migori apimwe, na aliyezaliwa nyumbani apimwe anapoletwa chanjo ya wiki 6. Vipo vipimo vya tone moja la damu ya kisigino vinavyotoa jibu kwa dakika chache, palepale zahanati. Kile cha kuyeyusha damu kwenye kichupa kisitumike kwa mtoto wa chini ya miezi 6, maana hakiaminiki katika umri huo, na hata kwa mkubwa hakitofautishi mgonjwa na mbebaji. Tena damu ya kipimo itolewe kabla mtoto hajaongezewa damu: ya mchangiaji huweza kuficha jibu kwa miezi kadhaa, na watoto wanaoongezewa damu mara kwa mara ndio hasa wanaohitaji kupimwa.

Jibu likijulikana, tiba ipo. Ipo penisilini ya kila siku hadi miaka 5, ipo kinga ya malaria, ipo haidroksiurea. Utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na kuchapishwa 2019, ulionyesha kuwa dawa hiyo hupunguza maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu, na vifo. Watoto wa Kilifi walishiriki kuithibitisha. Mtoto wa Rodi Kopany ana haki ya kuipata.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya huduma ya afya. Tunazitaka kaunti za Homa Bay na Migori zitenge fungu la vipimo na la dawa hizi katika bajeti, kwa jina lake, lisifichwe ndani ya mafungu mengine.

Mzazi mwenzetu, njoo na daftari la mwanao. Nawe tabibu, kabla hujaandika malaria kwa mara ya tatu kwa mtoto yuleyule, agiza kipimo cha selimundu.