Msichana Asiyeona na Deni la Riwaya ya Vijana ya Kiswahili

Aghalabu kipofu huingia katika hadithi kwa mlango wa nyuma. Huonekana kando ya njia, bakuli mkononi, ili mhusika mkuu apate nafasi ya kudhihirisha ukarimu wake; ama huketi chini ya mti, mzee mwenye hekima za ajabu, akitabiri yatakayowafika wenye macho. Katika hali zote mbili hana safari yake mwenyewe. Hapendi, hakasiriki, hadanganyi, wala hapotei njia. Yupo kwa ajili ya wengine, na funzo likishapatikana, mwandishi humwacha papo hapo alipomkuta.

Riwaya ya Marcus Sedgwick iitwayo She Is Not Invisible, iliyochapishwa Uingereza mwaka wa 2013, inaikataa desturi hiyo. Msimulizi wake ni Laureth Peak, msichana wa miaka 16 wa jijini London, aliyezaliwa akiwa haoni. Baba yake ni mwandishi, naye Laureth ndiye anayemsaidia kujibu barua pepe za wasomaji. Siku moja yafika habari kwamba daftari la baba limeokotwa New York, mahali ambapo baba huyo hakutazamiwa kuwa. Laureth anamchukua ndugu yake Benjamin, mtoto wa miaka saba, na bila idhini ya mama wanapanda ndege kwenda kumsaka baba yao ng'ambo ya bahari.

Ubora wa riwaya hii hauko katika msako peke yake. Uko katika swali la nani ameshika usukani. Mkenya yeyote aliyepita katika barabara za Nairobi anaifahamu picha ya mtoto anayemwongoza mtu mzima asiyeona, kila mmoja kashika ncha yake ya fimbo, wakiomba. Katika riwaya ya Sedgwick pia yumo mtoto, na yumo asiyeona, lakini mambo yamepinduliwa. Mkono unaoongoza katika uwanja wa ndege ni wa Benjamin. Anayepanga safari, anayesema uongo inapobidi, anayeogopa na bado akasonga mbele, ni Laureth.

Wapo watakaouliza kwa nini Laureth anajitahidi kuwaficha maafisa na wasafiri hali yake. Je, huko si kujionea haya? Swali ni la haki, na jibu limo katika anwani yenyewe ya kitabu, isemayo kwamba msichana huyu si mtu asiyeonekana. Mara nyingi jamii ikishatambua kwamba mtu haoni, huacha kuzungumza naye, ikazungumza na aliye kando yake: "Anataka nini? Anakwenda wapi?" Asiyeona hugeuka asiyeonekana. Laureth hafichi kutoona kwake kwa sababu ya aibu. Anaficha ili aendelee kuhesabiwa kuwa mtu. Aibu ni ya wale wanaomlazimisha kuficha.

Jambo la pili ni la kisanaa. Maadamu msimulizi hajawahi kuona tangu azaliwe, riwaya haina rangi za machweo wala sura za watu. Dunia inamfikia Laureth kwa sauti, kwa harufu, kwa mguso na kwa hesabu ya hatua. Sedgwick, aliyefariki mwaka wa 2022, alikuwa mtu mwenye kuona. Hakutegemea kubuni tu. Alikwenda kuwasikiliza wanafunzi wa New College Worcester, shule ya vijana wasioona nchini Uingereza. Hapo pana funzo kwa kila mwandishi chipukizi: huruma si badala ya utafiti.

Waama, mwandishi wa Kiswahili angekuwa na wepesi ambao Sedgwick hakuwa nao. Katika Kiswahili, kuona hakujawahi kuwa kazi ya macho peke yake. Mswahili huona njaa, huona baridi, huona haya, huona fahari. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mboni ya jicho. Vivyo hivyo, husikia harufu na husikia maumivu, ingawa sikio halina shughuli hapo. Lugha yenyewe imekwisha kukiri kwamba milango ya fahamu inapakana. Kinachosubiriwa ni mwandishi wa kuitumia hazina hiyo kwa makusudi, katika usimulizi wa msichana anayeishi Kisumu, Meru au Likoni.

Badala yake, juhudi nyingi zimeelekezwa kwenye majina. Yamekuwapo mabishano kwamba kipofu, kiziwi na kiwete ni majina yanayomshusha mtu hadi hadhi ya kitu kwa sababu ya kiambishi ki-, na kwamba heri kusema asiyeona au mwenye ulemavu wa macho. Hoja hiyo ina uzito, kwani mwenye jina ndiye mwenye haki ya kusema linamuuma wapi. Hata hivyo, kiambishi hicho hicho kimo katika kijana na kiongozi, na hakuna kiongozi aliyewahi kulalamika. Tusi haliko katika kiambishi tu. Liko katika nafasi anayopewa mtu. Mwandishi anaweza kuandika mwenye ulemavu wa macho katika kila ukurasa, na bado akamwacha mhusika wake kando ya njia na bakuli lake.

Hata methali inafaa kuchunguzwa. Hujafa hujaumbika, walinena wahenga, na nia yao ilikuwa njema. Lakini methali hiyo humtetea asiyeona kwa kumtisha anayeona: usimcheke, huenda kesho ukawa kama yeye. Heshima iliyojengwa juu ya hofu ni nusu ya heshima. Laureth hamtishi mtu. Anadai kuheshimiwa kwa sababu yupo.

Fauka ya hayo, riwaya inagusa donda lililo karibu na nyumbani. Daftari la baba limeandikwa kwa mkono. Laureth hawezi kulisoma, hivyo ni lazima Benjamin amsomee. Ufunguo wa siri ya baba umo mikononi mwake, nao hautumiki bila macho ya mtoto wa miaka saba. Hiyo ndiyo hali ya msomaji yeyote asiyeona ambaye kitabu anachokitaka hakipo katika breli wala katika sauti: husoma wakati mwenziwe ana nafasi, na huishia pale mwenziwe anapochoka. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali kuendeleza matumizi ya breli. Mwaka wa 2017 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaolegeza masharti ya hakimiliki ili vitabu viweze kutolewa kwa namna ambayo wasioona wanaweza kuisoma. Sheria ipo. Lakini sheria haichapishi riwaya.

Shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946. Msichana anayesoma huko kwa ncha za vidole anahitaji zaidi ya vitabu vya kiada. Ana haki ya riwaya ya kusomwa usiku kwa raha tu, na ndani yake akutane na msichana kama yeye anayekosea, anayependa, anayetoroka na anayerudi. Wachapishaji hawana budi kutoa riwaya za vijana katika breli na sauti tangu siku ya uzinduzi. Vyama vya Kiswahili vyuoni navyo, vinavyoandaa mashindano ya uandishi, vihakikishe kwamba wanafunzi wasioona, ambao wamo katika vyuo vikuu vya Kenya, wanashiriki wakiwa waandishi na waamuzi, si wageni wa heshima wa kupigiwa makofi.

Sedgwick alisikiliza, kisha akaandika. Hiyo ni hatua ya kwanza tu. Riwaya itakayolipa deni hili kikamilifu ni ile ambayo msichana asiyeona ataiandika mwenyewe, kwa Kiswahili, na mwenzake wa Thika akaisoma bila kumngoja mtu amsomee.