Kabla hujalipia waranti ya Subaru, soma ukurasa wa nne

Kaka yangu mkubwa alilipa shilingi 85,000 za waranti kwa simu akiwa bado amesimama yadini, dakika chache tu baada ya kukubaliana bei ya gari. Gari lenyewe ni Subaru Legacy B4 ya 2012, ile ya turbo, injini ya lita 2.5. Muuzaji alimwambia, "Bosi, hapa umelindwa kila kitu, mwaka mzima." Miezi saba baadaye turbo ilikufa akipanda kutoka Naivasha na moshi wa buluu ukajaa nyuma. Waranti haikulipa hata shilingi moja.

Nilisomea uuzaji chuoni, na kazi yangu ya kila siku ni kuandika maneno yanayowafanya watu wabonyeze. Kwa hivyo nilipokishika kile kijitabu cha waranti nilitambua mara moja mkono wa mwenzangu. Ukurasa wa kwanza una familia inayocheka kando ya gari. Ukurasa wa pili na wa tatu vina orodha ya vitu vinavyolindwa, kwa herufi kubwa: injini, gia, turbo, umeme. Halafu unafika ukurasa wa nne, herufi za sisimizi, na hapo ndipo mkataba wenyewe ulipo.

Ukurasa wa nne ulisema turbo inalindwa ikiwa tu haijaharibika kwa sababu ya oili. Sasa niambie, turbo nyingi hufa kwa nini? Ni chombo kinachozunguka kwa kasi ya ajabu huku kikitegemea utando mwembamba wa oili. Oili ikichafuka, ikipungua au ikichelewa kubadilishwa, turbo ndiyo ya kwanza kulia. Hiyo ni kama kuuziwa mwavuli unaofanya kazi siku zisizo na mvua. Ukurasa uohuo ulitaka servisi ifanywe katika gereji zilizoidhinishwa na risiti zihifadhiwe, na ukaweka kikomo cha shilingi 60,000 kwa kila dai. Kaka alikuwa anabadilisha oili kwa wakati, hilo nathibitisha, lakini kwa fundi wake wa Kariobangi anayemwamini tangu enzi za Probox ya mzee. Alilipa keshi, bila karatasi. Bili ya turbo na kazi yake ilifika 140,000, kwa hivyo hata wangekubali, zaidi ya nusu ingemrudia yeye.

Na pesa hizo hazikuwa zake peke yake. Alichukua mkopo wa Sacco, na mama ndiye mdhamini. Hisa za mama zimefungwa hadi mkopo ulipwe, na mdogo wetu anaanza chuo Septemba. Nayataja haya kwa sababu tunapoongea kuhusu magari ya mwendo tunaongea kama ni mambo ya vijana na kelele za egzosi, kumbe kuna mtu mzima mahali fulani ameweka saini.

Basi msimamo wangu ni huu: kwa gari la mwendo lililotumika, waranti ya nyongeza mara nyingi haifai, na ni afadhali pesa hiyo uiweke kando mwenyewe. Anayeuza waranti amepiga hesabu zake. Anajua Subaru ya turbo iliyopita mikono mitatu itadai nini, na hawezi kuilinda kwa 85,000 akabaki na faida isipokuwa aondoe mlango wa nyuma vitu vile vinavyoharibika. Angekuwa anauza waranti ya Corolla ya kawaida ningeweza kumsikiliza kidogo, ingawa Corolla nayo haihitaji sana. Ndiyo shida ya biashara hii: gari linalohitaji ulinzi ndilo wasilotaka kulilinda.

Najua utaniambia si kila mtu ana nidhamu ya kuweka akiba. Kweli. Hata mimi akiba yangu ya dharura imewahi kuwa tiketi ya tamasha. Lakini simu zetu siku hizi zina akaunti za akiba za kufungia, ambapo unachagua tarehe na kabla ya hapo huigusi kirahisi. Kaka angefungia 85,000 siku ile, kisha aongeze 5,000 kila mwezi, turbo ingemkuta na 120,000 mkononi. Si pesa yote, lakini ni mara mbili ya kile waranti ingempa siku ambayo ingekuwa na roho nzuri. Na gari lisipoharibika, pesa ni yake. Waranti ikiisha bila dai, imeenda.

Lakini akiba haiokoi gari bovu, kwa hivyo turudi nyuma kidogo, kwenye kuchagua.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8. Maana yake, ile WRX STI ya sedani ya 2010 hadi 2014 ambayo kila kijana wa mtaa wangu anaiota haiwezi kutoka Japani leo ikiwa mpya kwetu. Ukiiona inauzwa, imeshaishi hapa. Imekanyaga matuta yetu, imekunywa petroli yetu, na pengine imeenda mbio za usiku barabara ya Southern Bypass. Injini yake, ya familia ya EJ, inatumia belti ya taimingi ambayo hubadilishwa karibu na kilomita 100,000, na ikikatika, valvu hukutana na pistoni. Hapo si ukarabati tena, ni injini nyingine. Legacy ya kaka ni ya ukoo huohuo. WRX S4, iliyotoka Japani kuanzia 2014, ina injini mpya zaidi ya FA20 yenye cheni badala ya belti, lakini inakuja na gia za CVT peke yake, na CVT iliyochoka haina fundi wa bei rahisi.

Ukinisukuma nichague moja kwa pesa ya mtu wa mshahara wa kawaida, nitasema Toyota Mark X. Najua, wapenzi wa Subaru watanitafuta. Lakini Mark X ni V6 isiyo na turbo, inasukuma kwa magurudumu ya nyuma, ya lita 2.5 inatosha kabisa, na ya 3.5 inatosha hadi ikuogopeshe. Toyota iliacha kuitengeneza mwishoni mwa 2019. Vipuri vyake vimejaa Kirinyaga Road na mafundi wanaijua gizani. Ina makosa yake, hasa injini ile ya 2.5 ikianza kula oili, lakini ina vitu vichache vya kulipuka. Mercedes na Audi za bei ya kuvutia nitazipita haraka: bei yake ni ya kuvutia kwa sababu mwenye nalo ameshaona bili inayofuata.

Lolote utakalopenda, nenda kuliona asubuhi injini ikiwa baridi, na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukiweka mkono juu ya boneti na ukute joto, uliza kwa nini. Injini inayogonga au kutoa moshi huonyesha tabia yake dakika ya kwanza, ikishapata moto inajificha. Mlipe fundi wako mwenyewe, si wa yadi, apime kompresheni ya silinda zote, namba zikaribiane. Aunganishe skana. Kwa Subaru angalia tairi zote nne: zikiwa za saizi au uchakavu tofauti, mfumo wa kuvuta magurudumu manne unaumia kimyakimya. Angalia kama kuna mabadiliko, egzosi kubwa au kompyuta iliyochezewa, kwa sababu hayo pia waranti nyingi huyakataa. Kama gari limetoka Japani karibuni, omba karatasi ya mnada. Gredi ya R au RA inamaanisha liliwahi kugongwa na kurekebishwa, na kilomita zilizoandikwa pale uzilinganishe na za dashibodi.

Kaka hakufanya hata moja kati ya haya. Alisikia sauti ya boksa ikinguruma, akaisha.

Kuhusu kulipa, hapa ndipo ninalipwa mshahara, kwa hivyo mnisikilize mkijua hilo. Kwanza tafuta rekodi za gari kupitia NTSA kwenye eCitizen. Ni pesa kidogo, na utaona jina la mwenye gari na kama benki bado inalidai. Jina hilo lifanane na la anayekuuzia au awe na karatasi ya kumruhusu. Malipo ya awali yaende kwa Paybill au till ya biashara, na kwenye sehemu ya akaunti uandike namba ya gari. Muuzaji akikupa namba yake binafsi "kwa sababu till iko na shida leo," na wewe uwe na shida leo. Soma jina linalotokea kabla hujaweka PIN. Bei kamili ya gari haiwezi kupita kwa simu mara moja; M-Pesa, kwa mfano, ina mpaka wa 500,000 kwa siku, kwa hivyo salio lipitie benki, na usilimalize kabla muuzaji hajaanzisha uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake ya NTSA nawe ukaukubali kwenye yako.

Ikiwa bado unataka waranti, sawa, ni pesa yako. Itisha mkataba wote siku moja kabla ya kulipa na uanzie nyuma kwenda mbele. Uliza ni nani atakayelipa dai: yadi yenyewe, au kampuni ya bima yenye leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima? Ahadi ya yadi inaishi kadiri yadi inavyoishi. Uliza kikomo cha dai moja, siku za kusubiri kabla haijaanza kufanya kazi, na kama fundi wako anaweza kuidhinishwa. Wakisema huwezi kwenda na mkataba nyumbani kuusoma, umeshapata jibu.

Na hata bila waranti, hujaachwa uchi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa ifanane na maelezo uliyopewa, kwa hivyo hifadhi tangazo na ujumbe wote wa WhatsApp. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na unaweza kujiwakilisha bila wakili. Pale ujumbe wa muamala wenye tarehe, jina na namba ya gari unasema mengi kuliko "nilimpa keshi mkononi, shahidi ni Mungu."

Turbo ilibadilishwa hatimaye, kwa mkopo mwingine mdogo nisiotaka kuujadili hapa. Yule fundi wa Kariobangi sasa ana till, imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa kontena. Kaka analipa hapo, kisha anamwomba aandike kilomita kwenye karatasi na kuipiga picha. Fundi anamcheka kila mara. Hisa za mama zitafunguliwa Machi, mambo yakienda sawa.