Kompte imefungwa juu ya uongo: nani atalipa?

Mu Bunia, Butembo ao Uvira, watu wengi wanauzisha kupitia Facebook: vitenge, simu, samaki ya kukauka. Kompte ikifungwa, ni duka limefungwa. Na si kila mara mwenye kompte njo mwenye kosa. Mshindani wa biashara anaweza kumsingizia tu: huyu mwizi, jina si lake, picha ameiba.

Kusingizia hivi kunaweza kufikishwa tribinali, lakini si kwa njia ambayo wengi wanaifikiria kwanza. Watu wanakimbilia kifungu cha 76 cha sheria ya makosa ya jinai. Kifungu kile kinahusu zaidi uongo unaopelekwa kwa wakubwa wa sheria ao mtumishi wa serikali. Facebook si serikali.

Njia iliyo wazi zaidi ni ya zamani sana: kifungu cha 258 cha sheria ya madai, iliyowekwa tangu 1888. Aliyemuletea mwenzake hasara kwa kosa lake, analipa. Mlalamikaji anapaswa kuonyesha kosa, hasara, na kwamba hasara ilitoka kwa kosa lile lile. Kama uongo ulizunguka pia mu magrupe ya WhatsApp, kuna Kanuni ya Dijitali ya Machi 2023. Kifungu chake cha 360 kinatoa kifungo cha mwezi 1 mpaka 6, faini ya franga 500.000 mpaka 1.000.000, ao vyote viwili. Ni wembe wa kushika kwa uangalifu: kanuni hiyo imetumiwa pia kushitaki waandishi wa habari.

Tatizo kubwa ni jina. Facebook haimwambii mtu nani amemshitaki, isipokuwa mara nyingi kama malalamiko ni ya haki za mtunzi. Mu 2019, kule Marekani, YouTube yenyewe ilishitaki mtu wa Omaha aliyetuma malalamiko ya uongo ya haki za mtunzi juu ya video za wachezaji wa Minecraft, huku wakidaiwa makuta. Alikubali kulipa dola 25.000 na kuomba radhi mbele ya watu. Lakini YouTube ilikuwa na rekodi zote mkononi. Muuza vitenge wa Butembo hana.

Kwake yeye, ushahidi ni ujumbe wa vitisho ("nitafungisha kompte yako"), mashahidi waliosikia, na barua ya kampuni inayoeleza sababu ya kufunga. Picha za skrini zipigwe mapema na ziwekwe nje ya kompte, juu ikifungwa vyote vinapotea. Hasara nayo inaonekana mu M-Pesa ao Airtel Money: feza iliyoingia mbele ya kufungwa, na iliyoingia nyuma yake. Bila hesabu hiyo, avoka hana cha kumuonyesha hakimu.

Kwa Goma na Bukavu, ambako tribinali za serikali zilisimama tangu AFC/M23 waingie mwanzoni mwa 2025, kazi ya kwanza ni kuchunga karatasi hizo.