Amondi ni Mwana wa Nani?

Miongoni mwa michezo ya televisheni iliyotungwa ughaibuni ikapigwa picha kwetu, michache imenishughulisha mawazo kama huu uitwao "Sense8". Ulianza kuonyeshwa Juni 2015 na Netflix, kampuni ya Marekani ipelekayo michezo majumbani kwa njia ya intaneti, ukamalizika Juni 2018. Waliuasisi Lana na Lilly Wachowski pamoja na J. Michael Straczynski. Ni hadithi ya kubuni ya kisayansi: watu wanane waliozaliwa siku moja katika pembe mbalimbali za dunia wanazinduka na kukuta nyoyo na akili zao zimeungana. Aumiapo mmoja, wenzake huumia. Ajualo mmoja, wenzake hulitumia.

Mmoja wa hao wanane ni Capheus, dereva wa matatu mjini Nairobi. Anaishi katika mitaa ya mabanda, na picha zake zilipigwa papo hapo Nairobi, Kibera ikiwamo. Mama yake, Shiro, ana Ukimwi, na dawa za kweli ni ghali ilhali za uwongo zimejaa mitaani. Zamani, dhiki ilipowazidi, mama huyo alimpeleka binti yake mchanga katika nyumba ya mayatima, na Capheus akakua bila ya umbu lake. Kisha anaingia mtoto mwingine, Amondi, binti wa Silas Kabaka, kigogo wa genge la wahalifu. Amondi anaugua saratani ya damu. Kabaka anamwajiri Capheus ampeleke binti hospitali, na ujira wake ni dawa za mama.

Hapo ndipo mtazamaji anapoanza kujiuliza. Mtoto mmoja ameachwa, mtoto mwingine ameletwa garini mwa yule yule kaka aliyepotelewa. Je, si huyu? Amondi ni mwana wa nani hasa? Mchezo haukulikata fundo hilo, nami sikusudii kulikata. Lililonishika ni kinyume kilichomo ndani yake. Capheus anaweza kuusikia moyo wa mwanamke aliye gerezani Seoul, lakini hajui umbu lake analala wapi katika mji mmoja naye. Sayansi ya kubuni imevuka bahari, ikashindwa kuvuka barabara.

Jambo hilo si la kubuni hata kidogo. Katika Kibera na Kawangware mtoto hapotezi nasaba yake kwa miujiza, bali huipoteza kwa njaa, na kwa karatasi isiyoandikwa. Mama atokaye Kawangware alfajiri kwenda kufua nguo katika majumba ya Lavington humwacha mtoto kwa jirani. Kazi ikikatika na kodi ya chumba ikidaiwa, nyumba ya mayatima huonekana ndiyo nusura. Sisi tuliosoma chuoni twajua kwamba yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Lakini wengi waliomo katika nyumba hizo wana mzazi aliye hai. Hao ni mayatima wa ufukara. Serikali ya Kenya yenyewe imelikiri jambo hili, ikatoa mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwarejesha watoto kutoka katika nyumba hizo kwenda kwa jamaa na familia.

Wazee wetu walikijua kisa cha namna hii kabla ya televisheni. Mama wa Nabii Musa, amani iwe juu yake, alimtia mwanawe mtoni kwa kumhofia Firauni, lakini hakumtupa. Alimtuma dada yake amfuate pembezoni mwa mto, atazame anakochukuliwa. Kwa sababu ya dada yule, mtoto alirejeshwa kunyonya kifuani mwa mamake mwenyewe, ingawa alilelewa katika nyumba ya adui. Tofauti ya Musa na mtoto wa Shiro ni hiyo: mmoja alikuwa na wa kumfuata kwa macho, na mwingine hakuwa naye.

Dini yetu imelishika suala hili kwa mikono miwili, na mara nyingi sisi twashika kwa mmoja. Sura ya Al-Ahzab yatuamrisha tuwaite watoto wa kulea kwa majina ya baba zao, na tusipowajua baba zao, basi ni ndugu zetu katika dini. Zaid bin Haritha aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad alirejeshewa jina la babake. Je, mapenzi yalipungua? La hasha! Mwanawe, Usama, ambaye watu walimtilia shaka nasaba yake kwa sababu ya rangi, alipewa uongozi wa jeshi akiwa kijana mbichi. Nao mafakihi wamesema kwamba kumwokota mtoto aliyeachwa ni faradhi ya kutosheleza: asipotokea hata mmoja wa kumchukua, dhambi ni ya mji mzima.

Mikono miwili hiyo ni malezi na ukweli. Mpe mtoto nyumba, wala usimwibie jina lake. Ndiyo maana ya kafala, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 imeitambua kuwa ni njia mojawapo ya kumlea mtoto aliyekosa wazazi. Waislamu wenye nafasi, wa Mombasa na Lamu kama wa Nairobi, hawana tena udhuru wa kusema kwamba sheria ya nchi haiijui njia yetu.

Karatasi nayo ina kisa chake. Kwa miaka mingi, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hakuandikwa jina la baba katika cheti cha kuzaliwa, ila baba akubali kuandikwa pamoja na mama au ithibitike kuwa walioana. Mei 2016 Mahakama Kuu ilisema kwamba sheria hiyo yapingana na Katiba ya 2010. Wanubi wa Kibera, Waislamu wenzetu ambao babu zao waliletwa kama askari wa Mwingereza, wameonja uchungu wa karatasi kwa namna nyingine. Watoto wao walizaliwa Kenya na wazazi wanaojulikana, ila dola ndiyo iliyowatilia shaka. Machi 2011 kamati ya wataalamu wa Afrika ya haki za mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imewavunjia watoto hao haki zao.

Sasa nije penye mwiba. Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba watoto wa baba Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wake kwa sababu hiyo. Hukumu hiyo ilitokana na kesi ya huku kwetu Pwani, na masheikh wengi waliipinga, kwa kuwa mirathi imekadiriwa na Mwenyezi Mungu. Mimi si mufti, na mirathi nawaachia wenyewe. Lakini kuna swali ambalo halihitaji mufti. Huyo baba, alipokuwa hai na kumjua mwanawe, alifanya nini? Mlango wa hiba uko wazi maisha yote. Mlango wa wasia uko wazi hadi theluthi ya mali, kwa kila asiyekuwa mrithi. Asemaye kwamba mtoto huyu hana fungu katika mirathi, na aseme pia kwamba baba alikuwa na njia mbili za halali za kumsitiri, akazifunga zote. Kumnyamazisha mtoto kwa sheria ya dini huku tukiusahau ukarimu wa dini hiyo hiyo ni kuitumia nusu ya kitabu.

Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Sikuzote tumeitumia methali hiyo kufunika aibu za wakubwa. Ingefaa tuitumie kumlinda mdogo, kwani yeye hakuchagua kitanda, wala mtaa, wala kituo alichoachwa mlangoni mwake.

Basi Amondi ni mwana wa nani? Akiwa ni wa Kabaka kwa damu, ana haki ya kuitwa binti wa Kabaka. Akiwa si wake, ana haki ya kuambiwa ukweli, na ya kuendelea kupelekwa hospitali. Na yule mtoto wa Shiro aliyeachwa, awe nani na awe wapi, alistahili mtu wa kumfuata pembezoni mwa mto. Huko Kibera na Kawangware, kazi ya kumfuata ni yetu. Wallahu aalam.