Busu Tamu Si Cheti cha Mapenzi

Wasee, kuna stori moja inazunguka sana mtaani: ati ukibusu mtu na uskie moyo unadunda na magoti yanalegea, basi huyo ndiye wako. Na kama hukuskia kitu, ati wewe ndio uko na shida. Mimi nakataa zote mbili, na sayansi iko upande wangu.

Tuanze na midomo yenyewe. Ngozi yake ni nyembamba sana na imejaa neva. Mwaka wa 1937, daktari wa ubongo Wilder Penfield, kule Montreal, Kanada, alichapisha utafiti ulioonyesha ni wapi kwenye ubongo hisia za kila sehemu ya mwili zinapokelewa. Mgongo wote, na ukubwa wake, una kaeneo kadogo tu. Midomo imechukua eneo kubwa ajabu. Ndio maana mguso mdogo tu hapo unaskika mwili mzima.

Halafu inaingia dopamini, ile kemikali inayofanya ubongo useme "ongeza!" Ni hiyo hiyo inafanya kazi ukila chipo moto, ukishinda beti, au ukiona likes zinapanda. Sasa niambie, dopamini inajua aje kama huyo chali ni mwaminifu? Inajua aje kama huyo dem anakuheshimu ama anakupitishia tu wakati? Haijui. Inajua tu kwamba hii kitu ni tamu.

Lakini utamu wenyewe hautoki kwa midomo peke yake. Mwaka wa 2009 mtafiti Wendy Hill wa Lafayette College, Marekani, alieleza jinsi alivyopima homoni za wapenzi kabla na baada ya kubusiana. Kortisoli, homoni ya stress, ilishuka. Angalia vizuri hapo: hao walikuwa wapenzi tayari. Mtu akiwa na hofu, au akiwa amelazimishwa, mwili hukaa macho na kortisoli hupanda. Midomo ni ile ile, neva ni zile zile, lakini raha hakuna. Kwa hivyo kama mbogi inakusukuma ubusu mtu ndio usionekane mshamba, na mwili wako unakataa, huo mwili hauna makosa. Unafanya kazi yake.

Na hiyo maneno ya ati kila mtu anafanya? Mwaka wa 2015 watafiti wakiongozwa na William Jankowiak waliangalia jamii 168 duniani. Busu la kimapenzi la mdomo kwa mdomo lilipatikana kwa asilimia 46 tu. Chini ya nusu! Na hizo zingine pia watu walipendana, wakaoana, wakalea watoto. Hawakukosa chochote.

Kitu kingine cha haraka: mwaka wa 2014 watafiti wa Uholanzi walikadiria kwamba denda la sekunde 10 linaweza kuhamisha bakteria milioni 80. Wengi hawana neno, usiogope. Lakini mtu akiwa na kidonda cha herpes mdomoni, mwambie angoje kipone. Akikasirika, hapo umejua tabia yake bila hata kumbusu.

Sisemi busu ni mbaya. Mwili umeumbwa uifurahie na hakuna haja ya kuona aibu. Ninachosema ni kwamba raha ya sekunde kumi inakuambia kuhusu ubongo wako, haikuambii kuhusu roho ya mwenzako. Roho utaijua vile anakuongelesha akiwa na hasira, vile anachukua ukimwambia "sitaki", na kama bado anakutafuta wiki yenye huna kitu.

Midomo iache ifurahie. Lakini uamuzi wa nani ni wako, hiyo peana kwa kichwa.