Nani Amenakili kwa Nani?

Kila mwalimu anaijua hila hii. Wanafunzi wawili wamekosa neno lile lile, mahali pale pale: basi mmoja ametazama daftari la mwenzake. Wa tatu akiwa na kosa hilo hilo, pamoja na jingine jipya juu yake, yeye amenakili baada yao.

Mabingwa wa maradhi siku hizi wanafanya kazi ya mwalimu huyo. Virusi vya Ebola, ambavyo mwaka 1976 viliua watu wengi penye hospitali ya misioni ya Yambuku, na masista miongoni mwao, vimechukua ndani yao maandiko ya herufi karibu 19,000, za aina nne tu. Kila vinapozaana mwilini vinayanakili yote, na pengine herufi moja inakosewa. Kosa hilo hurithiwa.

Njia ya Bwana Sanger, ya mwaka 1977, ilisoma kipande kimoja kimoja. Mashine za sasa husoma mamilioni ya vipande kwa mara moja, kisha kompyuta huvipanga kama mtu anayeunga barua iliyochanika. Maandiko ya mwanadamu, herufi bilioni 3, yalitaka miaka 13, toka 1990 hata 2003. Leo ni kazi ya siku chache.

Toka Agosti 2018 hata Juni 2020 Ebola iliwapata watu 3,470 upande wa mashariki ya Kongo, na 2,287 wakafa. Wataalamu wa INRB ya Kinshasa, chini ya Profesa Muyembe, walisoma virusi vya wagonjwa mamia kwa mamia, ugonjwa ungali unaenea. Mwaka 2019 mtu mmoja aliyekwisha kuchanjwa aliugua, akatibiwa, akapona. Baada ya miezi sita hivi akaugua tena, akafa. Je, aliambukizwa na mgonjwa mwingine? Maandiko yalijibu: sivyo. Vilikuwa vile vile vyake vya kwanza, vilivyojificha. Na katika mnyororo ulioanzia kwake waliugua watu 91.

Februari 2021 Ebola ikaonekana tena upande wa Butembo. Ingalikuwa rahisi kuwasingizia wanyama wa porini. Lakini herufi zilionyesha ukoo ule ule wa 2018. Safari hii waliugua 12, wakafa 6.

Hapa tusimame kidogo. Habari kama hii ikifika kijijini nusu nusu, ni silaha. Mama aliyepona, ambaye labda amekwisha kuzika mume na watoto, atakimbiwa kisimani. Watu watasema mashine imemshtaki. Mashine haikumshtaki mtu. Kuugua tena namna hiyo ni jambo la nadra sana, na kumpa mkono aliyepona au kula naye hakuambukizi. Virusi huweza kubaki mahali pachache tu, kama ndani ya jicho, ubongo, na mbegu za mwanamume. Ndiyo sababu waliopona huitwa kupimwa mara kwa mara. Atakayetukanwa hatakwenda kupimwa. Homa ikimrudia, ataificha.

Tena wanaowakimbia hawajui jambo moja. Dawa iitwayo Ebanga, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2020, asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit, mwaka 1995.