Kudesa mtumbwi

Kimya cha wiki tatu kilitokana na majaribio, halafu bumu nalo likachelewa, na mtu mwenye njaa haandiki. Leo nina jambo linanikereketa na nitalisema hata mkinicheka: mtu anayejenga mtumbwi wa papi za mwerezi kwa kununua michoro iliyokwisha chorwa kwa ukubwa kamili, akabandika, akakata, huyo amedesa. Kabisa. Hana tofauti na sisi tunaopanga foleni kwenye fotokopi usiku wa kuamkia mtihani.

Ngoja nieleze kwanza, maana najua kuna anayejiuliza mtumbwi wa papi ni mdudu gani. Sisi mtumbwi tunaujua ni gogo moja lililochimbwa. Huko Kanada na Marekani kuna watu wanaujenga gereji nyumbani kwao kwa papi nyembamba, unene kama milimita 6 na upana kama 19, zinazogundishwa ubavu kwa ubavu, halafu zinavikwa faibaglasi na epoksi ndani na nje. (Mwerezi wenyewe si ule wa Lebanoni kwenye Biblia. Ni mti mwingine wa magharibi ya Amerika ya Kaskazini, mwepesi, uliopachikwa jina hilo tu.) Papi hazina akili zao, zinafuata kinachozibeba. Na kinachozibeba ni kalibu: vibao vya plaiwudi, kila kimoja kimekatwa kwa umbo la tumbo la mtumbwi mahali pake, vimesimamishwa juu chini kwenye boriti ndefu, mara nyingi futi moja moja kati yake. Mtumbwi ukiisha kalibu zinatolewa. Kwa hiyo ukikosea kalibu umekosea mtumbwi mzima, na mwerezi hujaugusa bado.

Sasa umbo la kalibu linatoka wapi? Kwenye jedwali la namba. Kwa kila kituo, na kwa kila kimo, mbunifu anakupa upana kutoka mstari wa kati. Namba zinaandikwa kwa futi, inchi na sehemu za nane za inchi, yaani 0-11-3 ni inchi 11 na 3/8, karibu sentimita 28.9. Kazi yako ni kuzirudisha sakafuni kwa ukubwa halisi, kulaza ufito unaopindika juu ya alama zako, na kuchora mstari. Waingereza wameipa kazi hii jina linalotokana na dari, kwa sababu viwanda vya meli vilichorea ghorofani penye sakafu pana. Sisi hatukuwa na dari. Tulikuwa na korido ya hosteli.

Jumamosi mimi na mwenzangu wa chumbani, anasoma uhandisi, tulipiga mstari wa kati kwa kamba na chaki, futi 16, kama mita 4.9. Sakafu ni ya saruji, msumari hauingii, kwa hiyo ufito tuliushikilia kwa vipande vya matofali na chupa za maji. Watu wanapita na ndoo zao wanatuuliza kama tumerogwa. Tukaenda vizuri mpaka kituo cha tano kutoka katikati, hapo ufito ukagoma. Ukiubana kwenye alama, unatoa nundu. Ukiuachia, unapita ndani kama sentimita tano. Jamaa akasema, "Kaka, si kuna programu inachora yote haya dakika mbili?" Nikamwambia subiri. Tukarudi kwenye jedwali. Ilikuwa 0-11-3, mimi niliandika 1-1-3.

Wadau, mimi nimesoma hesabu tangu darasa la kwanza na sijawahi kuona jibu likikataa lenyewe. Kwenye daftari, jibu baya linakaa kimya mpaka mwalimu apite na kalamu nyekundu. Pale koridoni hakuna mwalimu aliyepita. Kipande cha mti kiliniambia umekosea, na kikanionyesha mahali. Na si ufito peke yake: kila nukta inaonekana mara tatu, ukiutazama mtumbwi kutoka juu, kutoka ubavuni na kutoka mbele, na lazima vipimo vikubaliane kote. Huwezi kudanganya sehemu moja bila kuumbuka sehemu nyingine.

Halafu kuna mambo ambayo karatasi ya kununua inakuamuru tu. Inasema kalibu ikae upande wa katikati ya mtumbwi, uso wake wa nje uguse mstari wa kituo. Sawa boss. Kwa nini? Ukiwa umechora mwenyewe huulizi, maana umeona mtumbwi unavyosinyaa kwenda omo. Plaiwudi ina unene. Ukiiweka upande wa pili, ukingo wake wa mbele utakuwa mpana kuliko mtumbwi wenyewe pale, na papi zitasukumwa nje. Vilevile unene wa papi: kama jedwali limepima nje ya ngozi, lazima upunguze zile milimita 6 kuzunguka kila kalibu, la sivyo mtumbwi utanenepa kila upande.

Nimekaa nikajipinga pia, msidhani. Kuna vitabu viwili vinavyojulikana sana kwenye mambo haya. Canoecraft cha Ted Moores wa Ontario, cha mwaka 1983, kinakupa majedwali uchore. Cha Gil Gilpatrick wa Maine kinakupa michoro ya ukubwa kamili, tayari. Na Gilpatrick ndiye aliyekuwa mwalimu, alijenga mitumbwi na wanafunzi wake wa ufundi! Kidogo hoja yangu ife hapo. Lakini nadhani yeye alitaka vijana wafike majini, na kufika majini si jambo dogo kwa mtoto anayeambiwa kila siku hawezi. Huyo simlaumu. Namlaumu mtu mzima mwenye muda na sakafu.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Nenda Nungwi, Unguja, ukamtazame fundi anavyounda mashua. Hana jedwali wala karatasi, na mashua inatoka. Basi kuchora kuna faida gani? Mimi naona fundi yule ufito anao jichoni. Ameulaza kwa miaka akiwa mwanafunzi wa fundi mwingine, akishika mbao na kutumwa randa. Anayekata karatasi ya kununua hana jedwali na hana jicho. Mtumbwi wake unaweza kuwa mzuri sana, hata mzuri kuliko wa fundi. Ila mwambie auongeze nusu futi uone.

Hili nililipeleka kwa mhadhiri mmoja nikiomba liwe somo langu la majiranukta nikienda TP. Akasema silabasi haina mtumbwi, niandae chati. Nimeandaa chati, sitaki kupata disko kwa ajili ya mwerezi. Lakini chati ile nimeidesa kwa kaka mmoja wa mwaka wa tatu, na nikiitazama sijui hata kwa nini alichagua nukta zile.

Mlezi wa hosteli ametaka korido ioshwe kabla ya Jumatatu. Tumeosha. Ufito nimeuficha chini ya kitanda, na kwenye begi la TP, kando ya chati, kuna kamba na pakiti mbili za chaki.